Uongozi wa huruma katika imani ya Kikristo: maana yake

Kwa Wakristo, uongozi wa huruma ni kuwaongoza watu huku shida zao ukizihesabu kuwa jukumu lako, na kutumia cheo, fedha na muda ulio nao kuwainua. Kusikitika tu hakutoshi. Anayemsikitikia mwenye njaa kisha akaenda zake bado hajaongoza.

Katika Marko sura ya 6, Yesu anashuka mashuani, anakuta umati mkubwa na kuwahurumia, "kwa sababu walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji". Anaanza kwa kuwafundisha. Jioni inapoingia, wanafunzi wanashauri watu waagwe, wakajinunulie chakula vijijini, naye anawajibu: "Wapeni ninyi chakula." Huruma inageuka kazi, na kazi hiyo anawashirikisha wenzake. Habari ya mchungaji na kondoo haikuwa ngeni kwa Wayahudi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34 ya kitabu chake, alikuwa amewakemea viongozi wa Israeli waliojilisha wenyewe huku wagonjwa wakikosa wa kuwatibu.

Lakini kwangu mimi, mfano ulio wazi kuliko yote uko Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua, na wajane walipata mgao kila siku. Waumini wa Kiyahudi wanaosema Kiyunani wakaanza kunung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Mitume wangeweza kuwaita wachochezi, au kuwaambia wavumilie kwa ajili ya umoja wa kanisa. Hawakufanya hivyo. Waliwakusanya waumini wote, wakawataka wachague watu saba wenye sifa njema wa kusimamia jambo hilo. Soma majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Inaelekea kabisa kwamba usimamizi wa mgao uliwekwa mikononi mwa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Viongozi wanaosikiliza ni wengi. Wanaokubali kugawa madaraka kwa sababu ya mjane aliyerukwa ni wachache.

Sasa njoo usharikani kwetu. Mama mmoja amefiwa, jumuiya imekuja kumsaidia, na mzee wa kanisa anafungua daftari la ahadi za sadaka kuangalia kama marehemu alikuwa anatoa bahasha yake. Mistari mitupu ni mingi, basi maneno ya mazishi yanaanza kuwa magumu. Daftari lina kazi yake, maana kanisa haliendeshwi kwa hewa. Lakini mistari mitupu ya miezi sita ilipaswa kumpeleka mtu nyumbani kwa huyo ndugu mapema, kuuliza: kuna nini, unaumwa, umekosa kazi? Kuihoji kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza ni ukatili.

Wapo pia wanaodhani huruma ni kufunika makosa. Kiongozi mwenzao akimdhulumu binti wa kwaya, wanasema "tumhurumie mtumishi wa Mungu". Hapo huruma imepelekwa kwa mtu asiye wake. Nabii Natani alimwendea mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa Uria na kumuua mumewe, akamwambia usoni: "Wewe ndiwe mtu huyo." Aliyeumizwa ndiye wa kwanza kuhurumiwa, na aliyeumiza huhurumiwa kwa kuambiwa ukweli.

Ukweli huo una gharama. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na ukatili wa askari. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Luwum alikamatwa na kuuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Jambo linalosahaulika sana ni huruma kwa watendakazi wenyewe. Kabla ya umati ule wa Marko 6, Yesu alikuwa amewaambia wanafunzi waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa kuwa hawakuwa na nafasi hata ya kula. Mwinjilisti wa mtaani anayezika, anayefundisha kipaimara na kuzunguka kwa wagonjwa, huku posho yake ikicheleweshwa mwezi baada ya mwezi, naye ni kondoo wa mchungaji wake. Baraza la wazee likikaa kupanga bajeti, posho hiyo ijadiliwe kabla ya vigae vya madhabahuni.