Rubani asiye na bunduki: mnara wa Greenville

Kazi yangu ni kusoma picha za anga. Ramani nyingi za zamani za 1:50,000 zilichorwa kutokana na picha za namna hiyo, na ukishazoea kuitazama nchi kutoka juu, huachi kujiuliza aliyekuwa akiirusha ile ndege alikuwa nani. Ndiyo maana, katika minara yote ya vita, nimevutiwa na ule wa Meja Rudolf Anderson, rubani Mmarekani aliyetunguliwa juu ya Kuba mwaka 1962, wakati Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipokaribia vita kwa sababu ya makombora ya nyuklia yaliyowekwa kisiwani humo.

Anderson alikulia Greenville, South Carolina, nchini Marekani, mji ulioishi kwa viwanda vya nguo. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya kifo chake, mji huo ulimwekea kumbukumbu katika bustani ya Cleveland, na juu yake ikasimamishwa ndege ya kweli ya kivita, F-86 Sabre. Mtu anayeijua historia hushangaa, kwani Anderson aliuawa akiwa ndani ya U-2, ndege ya upelelezi inayoruka juu sana. Lakini U-2 zilikuwa chache na kazi yake ilikuwa ya siri. Nani angetoa moja ikakae bustanini?

Isitoshe, F-86 ina haki ya kuwapo pale. Huko Korea, miaka ya 1950, Anderson alirusha RF-86, aina iliyotolewa bunduki ili kamera zipate nafasi. Baadhi ya ndege hizo zilipakwa rangi mfano wa matundu ya bunduki, ili adui adhani zina silaha. Kwangu mimi, matundu hayo ya rangi yanaeleza upelelezi wa angani vizuri kuliko hotuba yoyote.

Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi ugumu wa kazi yenyewe. Ili picha ziwe na manufaa, kila moja lazima irudie sehemu kubwa ya eneo lililopigwa na iliyotangulia. Ukiziweka mbili chini ya stereoskopu, kifaa kinachoonyesha kila jicho picha yake, ardhi huinuka: unaona kina cha shimo, kimo cha jengo. Mpangilio huo hupatikana tu ndege ikienda sawa, bila kuinama wala kuyumba. Rubani wa kivita akiona hatari hukata kona. Wa upelelezi akikata kona ameharibu kazi aliyotumwa. Basi huenda moja kwa moja, na anajua kwamba mwendo huo ndio unaomrahisishia kazi anayemlenga.

U-2 ilitegemea kimo, kilomita 21 hivi, ambako rubani huvaa suti ya shinikizo ili abaki hai. Tarehe 14 Oktoba 1962, Meja Richard Heyser alipita juu ya magharibi ya Kuba, akarudi na picha 928. Kesho yake, wasomaji wa picha mjini Washington waliona karibu na San Cristóbal vitu virefu vilivyofunikwa maturubai. Wakavipima: takriban mita 20. Wakalinganisha na picha za magwaride ya Moscow, pamoja na nyaraka zilizovujishwa na Oleg Penkovsky, afisa wa Kisovieti aliyewapelelezea nchi za Magharibi, wakatamka kuwa ni makombora ya Kisovieti ya masafa ya kati. Siku hiyohiyo ya 15, Anderson naye alikuwa angani juu ya Kuba.

Tarehe 27 aliondoka kambi ya jeshi la anga ya McCoy, Florida, kwenda mashariki ya kisiwa. Makamanda wa Kisovieti walihofu kwamba ameona mengi mno, na bila idhini ya Moscow wakaamuru apigwe. Kombora la S-75, la kutungulia ndege, lililipuka karibu naye, vipande vikatoboa suti yake, ndege ikaanguka karibu na Banes. Filamu ya safari hiyo haikurudi. Rais Kennedy wa Marekani alikataa kulipiza kisasi, na siku iliyofuata Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akatangaza kwamba makombora yataondolewa. Anderson alizikwa Greenville tarehe 6 Novemba.

Mwaka 2012, miaka 50 baadaye, mji uliifanyia ukarabati kumbukumbu hiyo na kuongeza mabamba 13 ya mawe ya graniti, kila bamba likiwa na siku moja ya mgogoro. Hapo Greenville ilifanya jambo la maana kuliko kusimamisha ndege. Ndege inakuambia tu kwamba huyu alikuwa rubani. Mabamba yanakuonyesha kwamba yote yaliyotokea, vikao, vitisho na barua, yalianzia kwenye filamu.

Nina neno moja tu juu ya sifa anayopewa mara nyingi, kwamba ndiye pekee aliyeuawa na adui katika mgogoro ule. Kwa upande wa Wamarekani ni kweli, lakini neno "adui" linawaficha wenzake wa upelelezi. Siku ileile ya 27 Oktoba, RB-47, ndege nyingine ya upelelezi ya Marekani iliyokuwa ikiruka kutoka Bermuda, ilianguka, na wanajeshi wanne waliokuwamo wakafa. Hakuna aliyewafyatulia chochote.