Pombe, bangi na mbegu za kiume: kwa nini mwanamume naye apimwe

Wanandoa wanapokaa mwaka mzima wakikutana kimwili mara kwa mara bila kinga na mimba isitunge, anayefika kliniki kwanza, na mara nyingi anayefika peke yake, ni mwanamke. Huja na bahasha ya majibu kutoka hospitali mbili au tatu, ameshapigwa picha ya mirija ya uzazi na kupimwa homoni, huku mumewe hajawahi kutoa hata sampuli moja ya shahawa. Ukimuuliza sababu, hujibu kwamba mume hana tatizo, nguvu anazo. Ilhali katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo hilo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Makala hii inawalenga wanaume, hasa wanaokunywa pombe au kuvuta bangi, kwa kuwa hayo mawili ni miongoni mwa mambo ya kwanza tunayouliza kliniki na ya mwisho kujibiwa kwa ukweli.

Yapo mambo mawili ambayo mazungumzo ya mtaani huyachanganya. Nguvu za kiume, yaani uume kusimama na kuhimili tendo, ni jambo moja, na uwezo wa kutungisha mimba ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote na kutoa shahawa nyingi, lakini mbegu zikawa chache, au zisisogee, au zisiwepo kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya majimaji ya shahawa hutoka katika vifuko vya shahawa na tezi dume, wala si katika korodani. Upungufu huo hauonekani kwa macho wala hauhisiwi mwilini. Huonekana kwa darubini tu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalowachelewesha wanaume wengi, na wake zao hulipia ucheleweshaji huo kwa kuitwa tasa.

Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha hukaa wiki moja hadi mbili katika mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, ambako hukomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Kwa hiyo shahawa inayopimwa leo inaeleza maisha ya mwanamume katika miezi mitatu iliyopita. Kazi hiyo huongozwa na ubongo, ambao huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, itoe homoni mbili: moja huzifanya korodani zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, na nyingine huzihimiza seli zinazolea mbegu changa. Mawasiliano hayo yakivurugika popote njiani, uzalishaji hupungua.

Pombe huyavuruga katika sehemu tatu. Katika ubongo hufifisha amri inayokwenda kwenye pituitari. Katika korodani, kileo na sumu ya asetaldehaidi inayotokana na kuvunjwavunjwa kwake hudhuru moja kwa moja seli zinazotengeneza testosteroni. Katika ini, ambalo ndilo lenye kazi ya kusafisha homoni zilizozidi, unywaji wa miaka mingi husababisha testosteroni igeuzwe kuwa estrojeni, homoni ya kike, kwa wingi na estrojeni hiyo ibaki mwilini, na ndiyo maana baadhi ya wanaume wenye ini lililosinyaa kwa pombe huota matiti, hupungukiwa nywele za mwilini na korodani zao hudogoka. Mtu hafiki huko kwa usiku mmoja, lakini mbegu huanza kudhurika mapema zaidi ya hapo.

Mapema kiasi gani? Huko Denmark, kati ya mwaka 2008 na 2012, vijana 1,221 wa umri wa miaka 18 hadi 28 waliokuwa wakipimwa afya kwa ajili ya jeshi waliulizwa kuhusu unywaji wao na kutoa shahawa. Ubora wa mbegu ulianza kuonekana umeshuka kwa waliokunywa kuanzia uniti 5 kwa wiki, ukashuka wazi zaidi kwa waliozidi uniti 25, na waliozidi uniti 40 walikuwa na mbegu pungufu kwa theluthi moja katika kila mililita, wakilinganishwa na waliokunywa uniti 1 hadi 5. Uniti ya Denmark ni gramu 12 za kileo, ilhali chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Maana yake uniti 25 ni chupa 15 kwa wiki, yaani bia mbili kila siku na moja ya ziada Jumapili, kiwango ambacho wengi wetu hukihesabu kuwa ni kunywa kistaarabu. Kwa mnywaji wa mbege, ulanzi au komoni hesabu hiyo ni ngumu zaidi, na kwa mnywaji wa gongo haiwezekani kabisa, kwa kuwa hakuna anayepima kileo kilichomo.

Kuhusu tendo lenyewe, pombe humpa mwanamume ujasiri na kumwondolea aibu, lakini hulegeza mishipa ya fahamu inayosimamisha uume, na kwa mnywaji wa muda mrefu mishipa hiyo inaweza kuharibika kabisa. Wengi hapo hukimbilia dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa kiholela, wakaendelea kunywa.

Bangi ina njia yake. Mwili wetu wenyewe hutengeneza kemikali inayofanana kazi na kiambata kikuu cha bangi, THC, na wanasayansi walioitambua mwaka 1992 waliiita anandamaidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Neno bangi nalo lilitufikia kutoka huko huko Uhindi. Vipokezi vya kemikali hiyo, yaani sehemu za seli inakonasa ili ifanye kazi, havipo kwenye ubongo pekee. Vipo kwenye korodani na juu ya mbegu zenyewe, ambako husaidia kupanga ni wakati gani mbegu itulie na ni wakati gani iongeze kasi ili kulipenya yai. THC inapojaza vipokezi hivyo, mpango huo huvurugika na mbegu hushindwa kuongeza kasi pale inapohitajika. Tena THC hujihifadhi katika mafuta ya mwili, kiasi kwamba kwa mvutaji wa kila siku huonekana kwenye mkojo kwa wiki kadhaa baada ya msokoto wa mwisho. Anayevuta Jumamosi kwa Jumamosi huenda asipate siku ambayo mwili wake umekuwa safi kabisa, na skanka, ambayo ina THC nyingi kuliko bangi ya kawaida, huongeza mzigo huo.

Uchunguzi huo wa Denmark uliangalia bangi pia. Waliovuta zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 28 katika kila mililita, na waliochanganya bangi na dawa nyingine za kulevya walipungukiwa kwa zaidi ya nusu. Ni haki niseme pia kwamba uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika kwa wanaume 662 waliohudhuria kliniki ya uzazi mjini Boston, uliwakuta waliowahi kuvuta bangi wakiwa na mbegu nyingi kuliko wasiowahi kabisa. Matokeo hayo yameenezwa sana na wanaotetea bangi. Wengi wa wavutaji hao, hata hivyo, walikuwa wameshaacha, na watafiti wenyewe walionya kwamba hayathibitishi kuwa bangi inaongeza mbegu. Kwa maoni yangu mwanamume anayetafuta mtoto hana sababu ya kuyategemea.

Vijana huambiana vijiweni kwamba bangi humfanya mwanamume achelewe kumaliza. Lakini bangi hupotosha hisia ya muda, na dakika chache zinaweza kuhisiwa kuwa nyingi. Aidha, chunguzi kadhaa zimehusisha uvutaji wa mara kwa mara na aina mojawapo ya saratani ya korodani. Ni saratani adimu, lakini uvimbe mgumu kwenye korodani, hata usiouma, uonwe na daktari wiki hiyo hiyo.

Habari njema inatokana na zile siku 74. Kwa kuwa mbegu hutengenezwa upya kila siku, mwanamume anayeacha kabla korodani na ini havijaharibika sana ana nafasi nzuri ya kupona, na wameripotiwa hata wanywaji ambao mbegu zilikuwa zimetoweka kabisa zikarudi ndani ya miezi michache baada ya kuacha. Hapa natoa tahadhari moja nzito: aliyezoea kunywa pombe kali kila siku, na anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa kunakoweza kumuua. Afike hospitali aachishwe kwa dawa na uangalizi.

Kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vingi alivyopitia mke. Mwanamume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, kisha hutoa sampuli kwa mkono, bila mate, sabuni wala kondomu ya kawaida, katika kikopo anachopewa maabara. Akitolea nyumbani, aifikishe ndani ya saa moja, akiwa ameibeba karibu na mwili isipoe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeweka mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa mpaka wa chini, lakini jibu moja lililo chini ya hapo si hukumu, kwa kuwa hata homa ya mwezi uliopita inaweza kulishusha. Wakati wa kutoa maelezo, mweleze daktari unakunywa nini, chupa ngapi, na kama unavuta bangi. Najua bangi ni kosa kisheria na wengi huogopa kuitaja, lakini unachomwambia daktari ni siri ya matibabu, na bila hicho tunaweza kukutibu miezi sita kwa sababu isiyo yenyewe. Kisha acha vyote viwili, na urudie kipimo hicho baada ya miezi mitatu, katika maabara ile ile.