Marejeo yakivuja ndani ya kerneli: yanayosemwa na yalivyo

Neno "kuvuja" ndilo linalowachanganya wengi. Mtu akisikia kwamba KVM, sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, inavujisha marejeo, hudhani nywila na siri zimetoka nje. Hakuna kilichotoka. Kila ukurasa wa kumbukumbu (baiti 4,096 kwenye kompyuta nyingi) una kihesabio cha wanaoutumia. Anayeuchukua huongeza moja, na moja hiyo ndiyo rejeo; anayeurudisha hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kerneli huuachilia utumike kwingine. Marejeo huvuja pale msimbo unapochukua ukasahau kurudisha. Mara nyingi kosa hujificha kwenye njia ya hitilafu, ile isiyopitwa mara kwa mara: kazi inakatizwa katikati, na mstari wa kurudisha haufikiwi.

"Zima mashine pepe uiwashe tena, yataisha." Hayaishi. Kihesabio ni cha mashine mwenyeji (kompyuta halisi), si cha mgeni (mashine pepe iliyomo ndani yake). Mgeni akishazimwa, kurasa zilizovuja hubaki zimeshikiliwa kwa niaba ya mtu aliyekwisha kuondoka. Dawa ni kuwasha upya mwenyeji mwenyewe, na wageni wengine wote waliomo wazimike pamoja naye.

"Basi hasara ni kumbukumbu kupungua tu." Hili ndilo la hatari zaidi. Kihesabio hicho kina biti 32. Kikiongezwa mara 4,294,967,296 bila kupunguzwa, huzunguka na kurudi sifuri, kama mita ya gari iliyojaa tisa tupu. Kerneli huiamini sifuri hiyo na kuachilia kitu ambacho bado kinatumika. Mwingine akigawiwa nafasi ileile, anaandika yake pale pale ambapo mwenyewe wa kwanza bado anasoma. Mshambuliaji hatafuti zaidi ya hapo.

Mara bilioni nne, nani ana subira hiyo? Programu inayo. Mwaka 2016 kosa la CVE-2016-0728 (CVE ni namba ya kutambulisha kosa la usalama), lililokuwa kwenye hifadhi ya funguo ya kerneli wala si kwenye KVM, lilionyeshwa likijaza kihesabio kwa takriban dakika 30 kwenye kichakataji cha kawaida cha Intel Core i7. Na mwaka 2019, CVE-2019-11487 ilihusu kihesabio cha kurasa zenyewe. Ilihitaji kumbukumbu ya gigabaiti 140 hivi, kiasi kisichomshangaza yeyote anayetunza seva za mashine pepe.

Wapo pia wanaosema kerneli ilishajikinga. Ni kweli nusu. Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2017 ipo aina ya kihesabio, refcount_t, ambayo ikijaa hukwama badala ya kuzunguka. Kihesabio cha ukurasa wa kumbukumbu hakitumii aina hiyo.

Kiraka chenyewe, yaani rekebisho la msimbo, cha kuchekesha, mara nyingi ni mstari mmoja: ule wa kurudisha uliosahaulika.