Je, wajua kwa nini kipande cha mita 10 kwa 10 hufundisha kilimo kuliko ekari tano za shamba la shule?

Ukitoka Mwanza mjini kuelekea Misungwi au Magu wakati wa kilimo, hutakosa kukutana na wanafunzi wenye majembe begani wakielekea shamba la shule. Watu wazima wengi wa Kanda ya Ziwa walipita njia hiyo hiyo: walilima, walipalilia na kuvuna kwa miaka yote ya shule ya msingi. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao shamba lile lilitoa magunia mangapi kwa ekari, au kwa nini mazao ya upande wa chini yalistawi kuliko ya upande wa juu, mara nyingi hutapata jibu. Mimi ni mmoja wa wasio na jibu. Shuleni kwetu tulilima ekari tano za mihogo karibu na ziwa, na ninachokumbuka ni malengelenge ya viganjani na mstari niliotakiwa kuumaliza kabla ya kengele. Nani alichagua mbegu, mihogo ilipimwa wapi, fedha zilikwenda wapi, hayo hatukuambiwa, wala sisi hatukufikiri kuuliza.

Inawezekanaje mtoto alime miaka saba asijifunze kilimo? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, imo katika ukubwa wa shamba lenyewe. Shamba kubwa hutaka nguvu kazi, na mtoto aliyegawiwa mstari huuona mstari wake tu; ilhali kipande kidogo huweza kupimwa kwa kamba, kuhesabiwa shina kwa shina na kulinganishwa na kipande jirani, na hapo ndipo kulima kunapogeuka kuwa somo.

Fikra ya shule kuwa na shamba ni ya siku nyingi nchini Tanzania. Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ziwe jamii zinazozalisha sehemu ya mahitaji yake badala ya kuwa mahali pa kula tu. Jambo linalosahaulika ni kwamba waraka huo haukusema wanafunzi walime tu. Ulitaka washiriki katika kupanga na kuamua, kazi ya shambani iende pamoja na masomo ya darasani, na vijana wajifunze kuheshimu maarifa ya mkulima mzee ambaye hakusoma, huku wakielewa mbinu mpya na sababu zake. Katika shule nyingi kilichodumu ni jembe, na maamuzi na sababu vikaachwa njiani. Baya zaidi ni pale ambapo kupalilia kuligeuzwa adhabu ya aliyechelewa au aliyepiga kelele, kwa maana mtoto anayelimishwa kwa kosa hujifunza kwamba kilimo ni mateso ya watu waliokosa.

Sasa tukitazame kipande chetu. Mita 10 kwa 10 ni mita za mraba 100, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Kwa hiyo kilo zinazovunwa humo zikizidishwa kwa 100 hutoa mavuno ya hekta nzima, na zikizidishwa kwa 40 hutoa takribani mavuno ya ekari, kwa kuwa ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Samadi nayo huhesabika vivyo hivyo: mkulima akishauriwa kuweka tani 10 kwa hekta, kipande hiki kitahitaji kilo 100, ambazo ni kilo moja kwa kila mita ya mraba, kiasi ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kukipima, kukibeba na kukitandaza kwa mikono yake.

Tuseme wanapanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, shina moja kila shimo. Wakipata mistari 13 yenye mashimo 33 kila mmoja, wana mashina 429. Kila shina likibeba hindi moja lenye gramu 100 za punje kavu, kipande kitatoa karibu kilo 43, sawa na magunia 17 ya kilo 100 kwa ekari. Hesabu hii ikiwa ubaoni kabla ya kupanda, kila kinachotokea baadaye hupata maana. Wiki mbili baada ya mvua, mwanafunzi akihesabu na kukuta mashina 300 tu, anaona mwenyewe kwamba magunia matano ya ekari yamekwisha potea kabla hata ya palizi ya kwanza, na lazima ataulizia yalikopotelea: je, mbegu ilikuwa chakavu, ilifukiwa chini mno, au ililiwa na panya? Mwaka unaofuata darasa hilo halitapanda bila kwanza kufunga mbegu 100 katika kitambaa chenye unyevu na kuhesabu zilizoota baada ya wiki.

Ndivyo ilivyo pia kwa viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa nchini mwaka 2017. Kiwavi huyu hutambulika kwa alama ya herufi Y iliyogeuzwa juu chini usoni, na madoa manne yaliyojipanga kama pembe za mraba karibu na mkia. Wanafunzi kumi wanaweza kukagua mashina yote 429 asubuhi moja kabla ya vipindi, wakifunua kila kifundo cha majani machanga na kuokota viwavi kwa mkono. Ekari tano za mahindi kwa nafasi ile ile zina mashina zaidi ya 80,000; huko mtoto hawezi kukagua, anaweza kutazama tu.

Kulinganisha ndiko kunakozaa maarifa zaidi, nako kuna masharti yake. Darasa likitaka kujua kama samadi inaleta tofauti, mbegu lazima iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, nafasi iwe moja na palizi ifanyike kwa pamoja, ili kinachotofautiana kiwe samadi peke yake. Tena haitoshi kuweka samadi nusu ya juu na kuacha nusu ya chini, kwa sababu mvua hutelemsha udongo mzuri na rutuba kwenda chini, na upande wa chini ungeweza kushinda bila samadi yoyote. Hugawanywa vipande vyembamba vinavyopokezana: chenye samadi, kisicho na samadi, chenye samadi tena. Utaratibu huu wa vipande vidogo vinavyorudiwa ndio unaotumiwa pia na watafiti katika kituo cha Ukiriguru wilayani Misungwi, ambacho herufi UK katika majina ya mbegu za pamba kama UK91 zimetokana nacho. Mtoto wa Misungwi anayepanga vipande vyake kwa kamba na vigingi anafanya kazi ya aina moja na majirani zake hao, tofauti ikiwa ni vipimo na vifaa.

Mteremko wenyewe ni somo ambalo mwambao wa Mwanza umejaliwa. Nchi hii ni ya mawe ya matale, na matale yanapomomonyoka huacha udongo wa kichanga. Wasukuma wana majina kwa kila hatua ya kilima: juu karibu na mawe kuna isanga, chini yake luseni, udongo mwepesi unaolimika kwa urahisi lakini unaochoka upesi, chini zaidi itogolo, mgumu na usiopitisha maji vizuri, na bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonasa miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani huko Tanga, alieleza kitaalamu mpangilio huu wa udongo unaobadilika kutoka kilele hadi bonde, naye akaupa jina linalotumiwa na wataalamu duniani hadi leo, katena. Mkulima wa Kisukuma alikuwa akipanda kwa kuufuata tangu zamani: viazi vitamu na mihogo kwenye luseni, mpunga bondeni, na dengu kwenye mbuga inayokauka baada ya mvua. Jaribio la kuuona mpangilio huo ni jepesi. Chukua chupa nne za maji za plastiki, kila moja itiwe udongo wa sehemu yake hadi theluthi moja, ijazwe maji, itikiswe kwa nguvu na kuachwa mezani. Mchanga hutua chini kwa muda wa dakika moja hivi, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi hubaki umeyachafua maji hadi kesho yake au zaidi. Zikipangwa dirishani, chupa hizo nne huwa kilima kizima kilicholetwa darasani.

Waraka wa 1967 ulipozungumzia maarifa ya wazee, watu wa ziwani hawakuhitaji kutafuta mfano mbali. Kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, kimesongamana watu kwa vizazi vingi na udongo wake ni wa kichanga, lakini kimeendelea kulimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Wakara walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo linalotandikwa majani, wakawakatia malisho na kuipeleka samadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, ili baadaye wauzike udongoni kuwa mbolea. Na mashamba ya mteremkoni waliyajengea matuta ya mawe. Hayo yote yalikuwapo kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Shule ya Mwanza inayomwalika mzee wa aina hiyo aje kuonyesha namna ya kurundika samadi inapata mwalimu ambaye haihitaji kumtafuta mbali.

Kwa nini marejea, kunde, choroko na njugu mawe hurutubisha udongo? Jibu huonekana kwa macho, na katika kipande kidogo shule inaweza kumudu kupoteza mashina machache ili kulitafuta. Mmea unapoanza kutoa maua, chimbua shina la kunde pamoja na bonge la udongo wake. Usiling'oe kwa kulivuta, maana kinachotafutwa kitabaki ardhini. Lizamishe bonge ndani ya beseni la maji na kulitikisa polepole mpaka mizizi itakate. Utaona vinundu vidogo vimeshikamana na mizizi kama shanga. Kipasue kimoja kwa wembe: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi. Rangi hiyo nyekundu inatokana na kitu cha jamii moja na kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu, na ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mwalimu aonye jambo moja: uvimbe wa minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi, hufanana na vinundu kwa mbali, ila wenyewe ni mzizi uliovimba na haubanduki, ilhali kinundu cha kweli hubanduka kwa kucha. Mtoto aliyeona wekundu ule kwenye ncha ya wembe hahitaji kukaririshwa kwa nini mahindi hupandwa baada ya kunde.

Maji nayo hupimika. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Hivyo mvua ya milimita 20 imemwaga lita 2,000 katika kipande chetu. Kopo lenye pande zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa na kusomwa kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, linatosha. Kiangazi, tuta la mchicha la mita moja kwa mita kumi likihitaji milimita tano kwa siku, hizo ni lita 50, ndoo mbili na nusu za lita 20. Hapo shule iliyo juu mlimani hujua mapema, kabla ya kuotesha, inaweza kumwagilia matuta mangapi, na hata iliyo karibu na ziwa huhesabu safari za watoto wenye ndoo.

Kinachokwamisha vipande vingi vizuri ni kalenda. Mwanza hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, huku mwaka wa shule ukianza Januari na kufungwa Desemba, na likizo nyingine ikiwa Juni. Mahindi yaliyopandwa Novemba huachwa peke yake Desemba, wakati hasa yanapohitaji palizi. Choroko na kunde za masika, ambazo hukomaa kwa takribani siku 60 hadi 90, zikipandwa mapema Machi huvunwa kabla ya shule kufungwa, na waliopanda ndio watakaozipima. Mihogo hupita mwaka. Kwa zao hilo darasa la tano hupanda, likaandika tarehe, mbegu, nafasi, samadi na mvua ya kila juma, na likifika la sita hung'oa shina moja kila mwezi kuanzia mwezi wa tisa, kupima viazi vyake na kukagua kama kuna mabaka makavu ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndani ya kiazi kilichokatwa. Siku ya kuvuna kipande chote, mizani huwekwa chini ya mwembe, idadi ya kilo ikazidishwa kwa 40 mbele ya wazazi, sehemu ya mihogo ikaenda jikoni kwa uji na chakula cha mchana, na daftari likakabidhiwa kwa darasa la tano jipya, likiwa limebakiza kurasa za kutosha.