Kwa gari lako Tsavo wakati wa ukame: mwachie ndovu njia ya maji

Kiangazi kikirefuka, maswali tunayopokea kutoka kwa wageni huwa yale yale mawili. La kwanza, je, bado inafaa kuja? La pili huulizwa kwa lawama kidogo: mbona hamwapi wanyama maji? Nitaanza na hilo la pili, maana aliyelielewa ataendesha gari lake tofauti akishapita lango la Voi, la Mbuga ya Tsavo Mashariki nchini Kenya.

Mara nyingi kinachomuua ndovu wakati wa ukame si kiu. Ni njaa. Ndovu mzima hula kama kilo 150 kwa siku, na chini ya nusu ya chakula hicho ndiyo tumbo lake hufaulu kusaga. Pasua kinyesi chake utakuta vijiti na nyuzi tupu, kama ufagio uliokatwakatwa. Mnyama wa aina hiyo hana budi kula mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Sasa mpe mtoto anayenyonya. Mama huyo anahitaji maji karibu kila siku, na mtoto wake hawezi safari ndefu za kwenda malishoni na kurudi. Basi hukaa karibu na mto, na wenzake vivyo hivyo. Wiki zinapita, kando ya mto hakubaki jani, na kila siku inayokuja malisho yanasogea mbali zaidi na maji.

Tsavo iliona haya mwaka 1970 na 1971. Inakadiriwa ndovu wapatao 6,000 walikufa katika ukame ule, na waliochunguza mizoga wakakuta walioumia zaidi ni majike wenye watoto, pamoja na watoto wenyewe. Madume, ambao huweza kustahimili siku mbili tatu bila kunywa na kwenda mbali kutafuta majani, walipona kwa wingi. Yote hayo yalitokea huku Mto Galana, unaopita mbugani, ukiwa na maji.

Kwa hiyo anayesema tuchimbe visima kila mahali anasema kwa huruma, nami simlaumu, lakini kila kisima kipya huzungukwa na duara la ardhi iliyokwanguliwa, na duara hilo hupanuka. Visima vipo, na mwaka 2022 malori ya maji yalifanya kazi. Dawa ya njaa, hata hivyo, haiji kwa lori.

Hapa ndipo gari lako linapoingia.

Mchana mmoja wa ukame huo wa 2022 nilikuwa nimeegesha na mwenzangu mahali ndovu wanaponyweshwa. Kulikuwa na magari sita ya wageni, yamejipanga vizuri, watu wametulia, hakuna kelele. Kundi la ndovu kumi na mmoja likatokea vichakani upande wa mashariki, jekundu kwa vumbi kama ndovu wote wa huku. Likasimama. Jike kiongozi, mifupa ya nyonga imemchomoza na pande za kichwa juu ya macho zimebonyea kama bakuli, akainua mkonga akanusa. Magari mawili yalikuwa yamekaa juu ya njia yao hasa. Akapiga hatua, akarudi. Mtoto mmoja akajilaza chini ya kivuli cha mama yake, kivuli ambacho saa saba mchana hakitoshi mtu. Walisimama juani dakika arobaini hivi, kisha wakageuka. Mama mmoja ndani ya gari dogo jeupe alituambia baadaye, kwa furaha ya kweli, kwamba ndovu wale walikuwa wapole, walisimama kupigwa picha.

Hakuna aliyevunja sheria pale. Kanuni za mbuga zinataka gari likae angalau mita 20 kutoka kwa mnyama, na wote walikuwa mbali kuliko hapo. Ndiyo maana mimi siku hizi sisisitizi sana mita. Nasisitiza njia. Mwaka wa mvua, kundi lile lingezunguka magari na kunywa kwingine. Mwaka wa ukame halina kwingine, na halina nguvu za kwenda na kurudi mara mbili.

Njia ya ndovu inatambulika kwa urahisi ukiizoea. Ni kama vijia vya kwenda kisimani kijijini: vinatoka pande zote, vinakutana penye maji, na vumbi lake ni laini kama unga kwa sababu limekanyagwa na nyayo pana, tena kuna vinyesi njia nzima. Ukifika penye maji, usikimbilie nafasi iliyo karibu kabisa. Tazama kwanza njia zinaingilia wapi, kisha egesha pasipo na njia, upande mmoja na magari mengine, upepo ukitoka kwa wanyama kuja kwako. Zima injini na ukae. Mkiwa mmezunguka maji pande zote mmeyafunga, hata kama kila mmoja wenu yuko mita mia.

Mito ya mchanga nayo ina hadithi yake. Mto Voi ukikauka, ndovu huchimba mchanga kwa mguu na mkonga hadi maji yajae polepole kwenye shimo. Yeye akishakunywa, wanafuata wengine: nyani, ngiri, kanga, hata nyuki. Kutoka garini shimo hilo huonekana kama si kitu. Unapovuka mahali barabara inapokatiza mto, vuka uende zako, usisimame katikati kupiga picha.

Na je, inafaa kuja? Ndiyo, njoo. Ukame ni darasa, mradi ujue unachotazama. Vichaka vimekauka kiasi kwamba unaona mbali, na utagundua si kila mnyama anateseka sawa. Swara twiga, anayesimama kwa miguu miwili kuchuma majani ya juu, huwa na afya nzuri ajabu. Dikidiki na choroa nao hupata unyevu mwingi kwenye chakula chenyewe. Wanaoumia ni walaji nyasi: punda milia, nyati, kiboko. Simba nao huwa na vitambi, maana windo limechoka na linajileta lenyewe penye maji. Njaa yao huja baadaye, mvua ikisharudi na nyati wamebaki wachache. Tazama na mibuyu: ndovu huichimba shina kwa pembe kutafuta unyevu, na utakuta mingine imeliwa hadi ina tundu la kupita mtoto.

Ripoti ya serikali ya Novemba 2022, iliyohesabu vifo kati ya Februari na Oktoba mwaka huo katika maeneo ya wanyamapori nchini, ilitaja nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, ndovu 205, nyati 51, punda milia wa Grevy 49 na twiga 12. Hiyo ni mizoga iliyoonekana tu. Ndovu 205 ni wengi, ingawa sensa ya 2021 ilikuta ndovu 36,280 nchini na Tsavo pekee takriban 15,000. Wale 49 wa Grevy ndio wanaoninyima usingizi, maana hata ukihesabu dunia nzima hawazidi elfu chache.

Mambo ya gari nitayasema haraka. Gari dogo hupita barabara kuu za ndani za Tsavo Mashariki wakati wa kiangazi, ila mawimbi ya barabara za murram (udongo wa changarawe) hulegeza kila nati uliyo nayo, na mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Beba spea yenye upepo (utashangaa wangapi hubeba isiyo na upepo), jeki na maji yasiyopungua lita tano kwa kila mtu, pamoja na ya rediata, kwenye mtungi wa kurudi nao, kwani chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Mtandao wa simu hukatika. Kwenye njia panda kuna nguzo zenye nambari. Andika nambari ya kila unayoipita.

Nambari hizo zina faida nyingine. Ukikuta ndovu aliyelala asiyeweza kuinuka, au mtoto aliyebaki peke yake, usishuke, usimmiminie maji, usimrushie ndizi. Mnyama aliyedhoofika bado anaweza kukuua, na mtoto anayedhaniwa yatima huenda mama yake yuko kichakani nyuma yako. Mwambie askari wa wanyamapori wa kwanza utakayemwona: nambari ya nguzo, saa, na upande gani wa barabara. Taarifa ya namna hiyo daktari wa wanyamapori anaweza kuifuata. "Karibu na mti mkubwa" hawezi.

Unaweza pia kukutana na ng'ombe ndani ya mbuga. Usiwapigie honi wala kumpiga picha mchungaji. Ukame haujui mpaka, na wakati huo huo ndovu nao wako nje kwenye mashamba ya Taita Taveta, ambako mwenye shamba halali usiku.

Siku mvua ya kwanza ikinyesha, kaa mbali kidogo. Barabara huteleza, na kama kila mfugaji ajuavyo, mnyama aliyekonda akinyeshewa usiku kucha anaweza kufa kwa baridi huku nyasi zikichipua chini ya pua yake. Walio na nguvu huondoka. Makundi yaliyokuwa yamebanana penye maji kwa miezi hutawanyika kwa siku chache, kila moja kuelekea kule lilikosikia radi. Ukija wiki hiyo utazunguka kutwa nzima kwenye madimbwi na majani mabichi, utafika langoni saa kumi na mbili jioni, na utamwambia askari kwamba leo hukuona hata ndovu mmoja.