Daftari la Kibirizi na majina ya juu ya makala

Kila tunapowafundisha wanafunzi wa sayansi hapa Kigoma maadili ya uchapishaji, natoa daftari moja mkobani. Kurasa zimejikunja kwa maji na linanuka dagaa. Ndani kuna tarehe, idadi ya mitumbwi iliyofika mwalo wa Kibirizi alfajiri, kilo za dagaa, kilo za migebuka. Nauliza: aliyekesha akijaza haya, jina lake liko wapi kwenye makala?

Mara nyingi halipo. Lililopo ni la mkubwa aliyesaini karatasi ya mafuta ya boti.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka vigezo 4 vya mtu kuitwa mwandishi, na fani nyingine zimeviazima. Awe amechangia kwa uzito wazo la utafiti, au ukusanyaji au uchambuzi wa data. Awe ameandika rasimu au kuirekebisha kwa kina. Awe ameridhia toleo la mwisho. Na awe tayari kuijibia kazi yote ikitiliwa shaka. Vyote vinne, si kimoja. Kusaini mafuta hakumo. Kujaza daftari peke yake nako hakutoshi, mhusika hutajwa kwenye shukrani. Ila hapa ndipo pana ujanja ninaouchukia: kijana ananyimwa rasimu, kisha anaambiwa hakushiriki kuandika. Kamati hiyohiyo inataka aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vilivyobaki. Basi mgawanyo wa majina ujadiliwe na uandikwe kabla boti haijaingia ziwani.

Kigezo cha nne ndicho kinachoziengua programu za akili bandia. Haziwezi kuitwa kujibu lolote.

Kuna na barua pepe zile za majarida ya ulaghai yanayowinda ada. Mwanafunzi hajamaliza hata shahada ya kwanza, anaitwa “Profesa Mheshimiwa” na kuahidiwa makala itatoka ndani ya siku tatu, alipe dola tu. Ndani ya siku tatu, nani kaihakiki? Mwaka 2013 mwanahabari wa sayansi John Bohannon alituma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali. Kabla ya kutuma chochote, tafuta jarida hilo kwenye orodha za mtandaoni: DOAJ, ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL, ya majarida ya Afrika, soma makala zake mbili tatu, na umuulize mkutubi wako.

Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, watu wakishatoka, ni hili: na kama nimeshatuma makala kwa jarida la namna hiyo? Usilipe. Mwandikie mhariri kwamba unaiondoa makala, utunze nakala ya barua hiyo, na usiipeleke kwingine hadi upate jibu la maandishi. Makala moja kuwa mikononi mwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa jingine.