Je, wajua kwa nini watafiti wanataka dawa ya saratani ionekane kwenye picha?

Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kupigwa kemo hapa Nairobi huenda ameiona ile dripu nyekundu. Ni doksorubisini, dawa ya miaka mingi. Inaua seli za saratani, ila haichagui: nywele hudondoka, mdomo hutoka vidonda, na dozi zikirundikana moyo huumia. Kwani haiwezi kuelekezwa kwenye uvimbe tu?

Inaweza, kiasi. Tangu 1995 Marekani imeidhinisha doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu, vijipovu vya mafuta vyenye upana unaokaribia nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukubwa huo una sababu. Chembe za chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo zikatoka na mkojo. Zilizo kubwa mno hunaswa na ini na wengu. Za katikati huzunguka na damu kwa muda mrefu. Mishipa ya damu yenye afya, kama ya moyo, haizipitishi kirahisi, lakini uvimbe hujijengea mishipa yake harakaharaka, nayo huvuja kama bati lililotobolewa ovyo kwa misumari. Wajapani Matsumura na Maeda walieleza jambo hilo mwaka 1986.

Tatizo ni kwamba uvujaji haulingani, hata kwa vivimbe viwili vya mgonjwa mmoja. Uchambuzi wa 2016 uliokusanya majaribio ya wanyama ulikuta kwamba, kwa kawaida, ni 0.7% tu ya chembe zilizodungwa ndizo hufika kwenye uvimbe. Kidogo mno, ukiniuliza, kwa teknolojia iliyosifiwa hivyo.

Ndiyo maana chembe ile ile hubebeshwa dawa pamoja na kitu kinachoonekana: oksidi ya chuma kwa MRI (picha inayopigwa kwa sumaku), au shaba yenye mnunurisho, yaani inayotoa mionzi, kwa skani ya PET inayoinasa mionzi hiyo. Wagonjwa 19 wa saratani ya matiti iliyosambaa walipigwa picha hivyo wakitumia liposomu iitwayo MM-302. Wengine uvimbe wao ulipokea dawa nyingi, wengine kidogo sana, na waliopokea nyingi ndio walioelekea kupata nafuu zaidi. Hata hivyo, jaribio kubwa la MM-302 lilisitishwa 2016 kwa kutoonyesha kuishinda tiba iliyopo.

Mashine za PET Nairobi zipo, kwa mfano Aga Khan pale Parklands. Ila picha ya kawaida ya PET hufuata sukari inayoliwa na seli, hivyo daktari huona uvimbe ulipo. Kama dawa ya wiki jana iliingia humo, picha hiyo haisemi.